Kidole Gumba cha Fundi Mstari

Joto lilikuwa limefika pale ambapo hata paka wa jirani alilala chali kwenye saruji, na ndipo Fundi Mstari akaanza kulala na soksi. Mkewe alivumilia usiku wa kwanza, akavumilia wa pili. Asubuhi iliyofuata, huku akimimina chai, alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu.

"Baba, hizo soksi umezioa?"

"Miguu inapata baridi."

"Baridi ya wapi? Mimi nimejipepea na gazeti mpaka gazeti limechanika."

"Miili haifanani," alisema fundi, akabeba kikombe chake na kwenda chumba cha mbele kufungua mlango wa kazi.

Chumba hicho cha mbele ndicho kilichowalisha. Kilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, kamba ya kutundikia nguo zilizokamilika, na kioo kirefu chenye ufa ambacho wateja walikitumia kujisifia. Fundi alikata na kushona. Mkewe alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha akimalizia kwa mkono: vifungo, vishikizo, mapindo. Mtaani walimwita Mstari kwa sababu mishono yake ilikuwa imenyooka, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuwahi kurudishiwa nguo. Jambo hilo aliwaambia waliouliza, na waliokuwa hawana mpango wa kuuliza aliwaambia vilevile.

Kilichokuwa ndani ya soksi ya kulia ni hiki. Fundi Mstari alikata kucha zake kama alivyokata kola: pembe zote anazizungusha, anazishusha chini kabisa, mpaka ziteleze. Pembe iliyochongoka ilimkera popote alipoiona. Ukucha wa kidole gumba ulipokua tena haukuwa na pembe ya kupitia juu, ukajitafutia njia ndani ya nyama. Ulipoanza kumchoma, mwenyewe aliutazama kwa utulivu akaona tatizo analolijua: kitu kimepinda na kinavuta. Kwapa la gauni likivuta, fundi hukata vijipengo kwenye upindo wa ndani, na nguo inalala. Basi akachukua mkasi mdogo akakata kipengo katikati ya ukucha, kizuri, cha pembe tatu, ili pande mbili zisogeleane na kuachia nyama. Kisha, kwa kuwa hazikusogeleana, akachukua kile kichuma cha kufumulia mishono akajaribu kuinua pembe. Damu ilitoka kidogo. Akavaa soksi.

Ingekuwa ni ukucha peke yake, tungemcheka na kuendelea na mambo yetu. Lakini fundi alikuwa na kisukari, cha miaka mingi. Alikichukulia kama mpangaji asiye na kelele: yupo, analipa, hakuna haja ya kumgongea mlango. Vidonge alimeza alipokumbuka. Chai ya nyumbani alikunywa bila sukari na kwa uso wa huzuni, na ya dukani kwa jirani alikunywa kwa uso tofauti. Kituo cha afya walikuwa wamemwambia awe anaiangalia miguu yake kila siku, naye aliona ni ushauri wa kuwapa watu wasio na kazi.

Na kulikuwa na kaka yake. Kaka mtu aliingia hospitali na kidonda mguuni akatoka na mguu mmoja. Tangu hapo fundi ndiye aliyemshonea suruali zote, mguu mmoja mrefu, mwingine unaishia juu ya goti na kufungwa kwa mshono maradufu. Alizishona vizuri kuliko za wateja wanaolipa. Na kila alipomaliza moja, imani yake ilizidi kukaza, kwamba hospitali ni mahali miguu inapobaki.

*

Mke wa fundi hakuwa na tabia ya kupekua. Alisikiliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile tangu wakiwa maharusi, na mlio wa cherehani aliujua kama alivyoujua mkoromo wa mumewe. Wiki hiyo mlio ulianza kuchechemea. Ulikwenda, ukasita, ukaenda, ukasita zaidi. Alipoinua macho aliona mguu wa kushoto ukikanyaga peke yake, na wa kulia umekunjwa nyuma ya kiti kama mtoto aliyefanya kosa.

"Fundi, mashine ina nini?" Alimwita fundi pale tu alipotaka kumkamata.

"Mkanda umelegea."

"Mkanda si umeubadilisha juzi?"

"Ndiyo maana. Mkanda mpya hulegea."

Mke alirudi kwenye kifungo chake. Alikuwa na subira ya mtu anayepitisha uzi kwenye matundu madogo kila siku.

Kesho yake aliingia mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi, na mfuko mkononi. Alisalimia kwanza, salamu ndefu, akaulizia kazi, akaulizia watoto walioolewa mbali, akaulizia afya. Fundi alijibu kwamba kote ni salama. Ndipo mwalimu akatoa sketi kwenye mfuko akaitandaza mezani kwa upole, kana kwamba sketi ndiyo mgonjwa.

"Sijui ni macho yangu, fundi."

Hayakuwa macho yake. Mshono wa ubavuni ulianza vizuri kiunoni, ukafika nyongani, ukaenda kushoto, ukajuta, ukarudi kulia.

"Nimeivaa darasani," alisema mwalimu. "Mtoto wa dawati la mbele akaniuliza kama ndio mtindo wa sasa."

Fundi aliinua sketi kwenye mwanga. Alikaa nayo hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Uzi," alisema hatimaye. "Nyuzi za siku hizi, mwalimu, viwanda vimeharibika."

Mwalimu alimtazama mke wa fundi. Mke wa fundi alitazama sindano.

"Basi yale magauni ya harusi ya binti yangu," alisema mwalimu akifunga mfuko mtupu, "nakuomba utafute uzi wa zamani." Alisema kwa adabu kabisa, akaaga kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma fundi kuliko angetukanwa. Ilikuwa nguo ya kwanza kurudi. Aliifumua mchana huo, na mkewe, ambaye alikuwa na maneno matatu ya kumtania yaliyo tayari, aliyameza yote.

*

Ijumaa maumivu yaliondoka.

Fundi aliamka, akakanyaga chini kwa uangalifu kama kawaida, akangoja mchomo, mchomo haukuja. Akakanyaga kwa nguvu. Hakuna kitu. Akazunguka kitanda. Siku hiyo cherehani ilikimbia, sketi ya mwalimu ikanyooka, na fundi akawa anaimba wimbo wa zamani ambao maneno yake hakuyajua vizuri.

"Leo umeamka na nini?" aliuliza mkewe.

"Sasa nakwambia, kwa kuwa limekwisha. Nilikuwa na kucha imeniota vibaya. Nimejitibu mwenyewe."

"Umejitibu na nini?"

"Na akili."

"Hebu niione."

"Utaona nini na imepona? Wewe shona vifungo."

Alikuwa amefurahi kiasi kwamba mkewe naye alifurahi kidogo, kwa kuazima. Lakini soksi hazikuvuliwa. Na Jumatatu chumba cha mbele kikaanza kunuka.

"Kuna panya kafa humu," alisema mke, akinusa kuelekea kwenye gunia la vipande vya vitambaa.

"Nami nilikuwa nasema," alisema fundi, na wakati huo alikuwa anasema kweli yake. Wakamtafuta panya. Walimwaga gunia lote sakafuni. Walisogeza meza ya kukatia, ambayo ilikuwa haijasogezwa tangu ilipoingia. Fundi alimulika tochi chini ya rafu, akatoa nadharia kwamba panya huyo huenda yuko darini, akapanda kwenye kiti na kunusa dari. Mkewe alifagia kona zote kwa ufagio. Walipata vifungo, chaki, na kitasa walichowahi kumshutumu mteja kuwa kakiiba.

Fundi ndiye aliyegundua wa kwanza. Aliona kwamba panya huyu anatembea. Fundi akiwa mezani, panya yuko mezani. Akiwa kwenye kiti, panya yuko kwenye kiti. Alikwenda mlangoni kuvuta hewa, na panya akamfuata mlangoni. Alirudi akakaa mbele ya cherehani polepole, akaisukuma miguu yake chini ya mashine kadiri ilivyoweza kwenda.

Mke alikuwa amesimama katikati ya chumba na ufagio. Naye alikuwa ameacha kufagia.

"Baba."

"Naam."

"Vua soksi."

"Labda tuangalie nyuma ya kioo, kuna..."

"Panya nimeshampata. Vua."

Hakuvua, ila hakumzuia alipopiga magoti na kuivua yeye. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na ngozi, akakibandua taratibu kwa vidole vyake vya kazi ndogondogo. Kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa. Pembeni mwa ukucha usaha ulikuwa umekauka na mwingine ulikuwa unakuja. Wekundu ulikuwa umevuka kidole na kupanda kwenye mgongo wa mguu, kuelekea kifundoni. Na katikati ya ukucha kulikuwa na kile kipengo, kimekatwa kwa ustadi ambao mwalimu angeusifu.

"Nani kakata hapa?"

"Mimi. Ilikuwa inavuta."

"Inuka twende kituo cha afya. Sasa hivi."

"Lakini hakiumi. Bonyeza uone."

Alibonyeza kidogo pembeni, akimtazama usoni. Fundi alitikisa kichwa kwa fahari. Mke hakujua maana yake ni nini, ila hakuipenda fahari ile.

"Baada ya harusi," alisema fundi. "Nikishakabidhi magauni ya mwalimu, nitakwenda mwenyewe, hutanisukuma."

"Mguu wako unanuka, wewe unazungumzia magauni?"

"Kaka naye aliingia kule na kidonda tu," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Pale hawatibu mguu, mama. Wanauchukua. Nikiukosa huu wa kulia nitakanyaga na nini?"

Mke alikuwa na hasira kamili mpaka hapo, hasira safi, yenye kumpa nguvu. Aliposikia sauti ile hasira ikamtoka na kumwacha na hofu, na kwa kweli angependa kubaki na hasira. Alielewa kwamba hashindani na mtu mkaidi. Huyu alikuwa mtu anayeogopa, na mtu anayeogopa huwezi kumburuta, hasa akiwa amekuzidi uzito.

*

Asubuhi mke alimpigia simu shemeji yake, yule wa mguu mmoja, kwamba suruali yake iko tayari, jambo ambalo lilikuwa karibu kuwa kweli. Kisha akafungua kabati, akatoa suti pekee ya mumewe, akaacha koti ndani na kuibeba suruali mpaka kwenye meza ya kukatia.

Fundi alikuwa anashona kola na hakugeuka. Aligeuka aliposikia mlango, kaka yake akiingia na magongo yake mawili, akihema na kutabasamu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Naona leo karakana ina mafundi wawili."

Ndipo fundi akaona. Mkewe alikuwa ametandaza suruali mbili sambamba, ya kaka upande mmoja na ya suti upande mwingine. Mguu wa kulia wa suti ulikuwa na mstari wa chaki juu ya goti, na alikuwa ameanza kuushikiza kwa bandi, mishono mikubwa ya uzi mweupe.

"Hiyo ya nani, shemeji?" aliuliza kaka.

"Ya mdogo wako. Naipunguza mguu mmoja. Amesema anasubiri mpaka harusi ya watu ipite, sasa mimi naona siku hizo kutakuwa na haraka nyingi, bora nianze nikiwa na nafasi. Kipimo nimechukua kwenye yako, utanisamehe."

"Mama, acha mchezo," alisema fundi.

"Mchezo upi? Wewe unasubiri kwa njia yako, mimi nasubiri na kazi mkononi." Akanyoosha mkono akachukua mkasi mkubwa, ule ambao hakuwahi kuushika mbele ya mumewe, akaufungua na kuuweka juu ya mstari wa chaki.

Fundi alisimama. "Usikate."

"Kwa nini? Inakuuma?"

Kaka mtu alivuta kiti, akaegemeza magongo yake ukutani, akasema, "Nionyeshe huo mguu." Na kwa kuwa ni kaka mkubwa, na kwa kuwa mkasi ulikuwa bado umefunguliwa, fundi alionyesha.

Kaka aliinama akatazama muda mrefu. Hakukunja pua.

"Kinauma?"

"Kiliacha Ijumaa," alisema fundi, safari hii bila fahari.

"Changu kiliacha Jumapili. Nilifurahi wewe. Nilimwambia shemeji yako apike vizuri, nikaenda sokoni kwa miguu na kurudi, nikisimama na kila mtu aone ninavyotembea." Alicheka kidogo. "Nilikaa na furaha hiyo wiki mbili. Nilipofika hospitali daktari aliniuliza kwa nini nimechelewa, nikamwambia, kwani kilikuwa kinauma?"

"Mimi nilijua ulikwenda mapema wakakuharibu."

"Wote mnajua hivyo. Niliwaacha mjue hivyo. Ni rahisi kumsema daktari kuliko kusema nilikaa nyumbani nikicheza muziki na mguu unaoza."

"Hukuniambia, kaka."

"Hukuniuliza. Wewe unanipima suruali tu."

Fundi alikaa chini. Mke aliufunga mkasi kwa mikono miwili na kuurudisha mahali pake. Kisha fundi akauliza soksi safi ziko wapi.

"Soksi hakuna," alisema mkewe. "Unakwenda na ndala. Wakuone."

*

Wakamwona. Mtaa mzima ulimwona Fundi Mstari akipita na ndala, suruali imekunjwa, mkewe upande mmoja na kaka yake mwenye magongo upande mwingine, na kila mlango ulikuwa na swali. Muuza mkaa aliuliza kama wanakwenda kupiga picha. Fundi alijibu wote kwamba ni kucha tu, na kila alipolisema neno hilo "tu" mkewe alimfinya.

Kwenye kituo cha afya aliyewapokea ndani alikuwa daktari wa kike, mdogo wa umri, kiasi cha binti yao wa mwisho. Kumnyooshea mguu ule lilikuwa jambo gumu, fundi akatazama ukutani.

"Baba, hapa katikati umekata nini?"

Akamweleza. Alimweleza nadharia nzima, kwapa, upindo, kuvuta na kulala, kwa heshima ya mtu anayeongea na mwenye fani yake. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akampima sukari, akaitazama namba, kisha akafungua droo akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha.

Fundi alichangamka. Hili lilikuwa eneo lake. "Huo ni namba ngapi?"

"Huu ni wa kwetu sisi," alisema daktari akitabasamu. "Fumba macho. Nitakugusa nao kwenye nyayo, mguu mmoja kisha mwingine. Kila ukiusikia, sema ndiyo."

Akafumba. Vidole vya mikono yake vilitambua pamba na nailoni gizani, vilitambua hata uzi uliokaa dukani sana. Akangoja kwa umakini. Alisikia feni, akasikia mtoto akilia chumba cha pili, akasikia mkewe akipumua. Kitu kikamgusa katikati ya unyayo wa kushoto. "Ndiyo," alisema. Baadaye kidogo tena, "Ndiyo." Halafu kimya. Akaona labda daktari anamwonea haya.

"Anza tu, binti yangu. Niko tayari."

Hakujibiwa. Alifumbua macho. Daktari alikuwa anakirudisha kijiti kwenye droo, na mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nimemaliza, baba. Nimekugusa kila sehemu. Umesikia mara mbili."

"Ni huu mguu mbaya usiosikia?"

"Yote miwili."

Akavuta kiti karibu. Alisema polepole, akimtazama fundi na siyo mkewe, na fundi alimshukuru kwa hilo baadaye. "Maumivu hayakuondoka kwa kuwa umepona. Sukari imeharibu mishipa inayokuletea habari za miguu. Mtu asiye na kisukari kucha ikimchoma kidogo, anaweza kuloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, akavaa kiatu kipana, akaangalia kama itatulia. Ikivimba, ikitoa usaha, wekundu ukianza kutambaa, akipata homa, au ikikataa tu kutulia, anakuja. Wewe usisubiri lolote kati ya hayo. Wewe ukiiona tu, unakuja siku hiyo. Na hukati mwenyewe. Kucha inakatwa moja kwa moja, pembe zinabaki."

"Pembe zinabaki?" aliuliza fundi, kama aliyeambiwa akabidhi gauni lenye nyuzi zinazoning'inia.

"Zinabaki."

Swali lilikuwa limemkaa fundi kifuani tangu nyumbani, tangu miaka ile ya kaka yake, na sasa lilitoka dogo sana. "Mtaukata mguu?"

"Nitakata upande mmoja wa ukucha na kusafisha usaha. Nitakupa dawa za nguvu. Kwanza twende tukapige picha tuone kama mfupa umeguswa."

Walikaa kwenye benchi wakisubiri picha ile, watatu, mke katikati. Hakuna aliyemtania mtu. Kaka mtu alikuwa ameshika gongo moja kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inatembea, huenda anaomba dua. Daktari aliporudi na picha alisema mfupa ni salama, ila kwa kidogo, na kwamba kama wangengoja harusi wangekuwa na mazungumzo mengine. Fundi Mstari alilia pale pale kwenye benchi, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Kaka yake alimwekea mkono shingoni akauacha hapo.

*

Aliamriwa asikanyage cherehani mpaka kidonda kifunge. Vitambaa vya mwalimu vilikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mwalimu alikuja kuvichukua mwenyewe, akamwombea fundi nafuu, akasema sketi sasa inamkaa vizuri sana. Fundi alimshukuru. Alikaa mlangoni siku nzima, mguu wa kulia umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya stuli, akimtazama mwenzake wa ng'ambo akiharibu kazi ya harusi, na hakuna chochote maishani mwake kilichowahi kumtesa na kumfurahisha kiasi hicho kwa pamoja.

Mgonjwa hakuwa mwepesi. Dawa alimeza kwa kusimamiwa. Chai ya dukani iliisha baada ya mkewe kwenda kuongea na mwenye duka. Aliambiwa asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, naye akatii kwa namna yake: alivaa kiatu kimoja, kipana, cha mguu mgonjwa, akidai mguu mwingine haujaandikiwa chochote.

Jioni moja, jua likiwa bado linaingia dirishani, mkewe alikaa kwenye kigoda chake na beseni, akamfungua bandeji, akasafisha kidole kama alivyofundishwa. Kilikuwa kimepungua. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma mpaka kwenye kidole chenyewe. Fundi alikuwa anamsimulia jinsi jirani wa ng'ambo alivyopachika mkono wa gauni kinyume, akamvalisha binti wa watu, na binti akasimama mbele ya kioo akiwa kama anayetaka kukumbatia ukuta.

"Lete wa pili," alisema mke.

"Huu mzima. Basi bwana, mama yake bibi harusi akasema..."

"Nimeambiwa yote miwili. Lete."

Akauleta, akiendelea na hadithi. Aliigiza sauti ya mwalimu, akaigiza fundi wa ng'ambo akisema kwamba huo ni mtindo, na mkewe akacheka mpaka akalazimika kuufuta uso kwa bega. Akawa anapitisha kidole gumba chake kwenye unyayo wa kushoto, kutoka vidoleni kwenda nyuma, bado anacheka. Akafika kisigino, akaacha kucheka.

Aliinamisha kichwa. Akashika kitu kwa kucha zake mbili, akavuta, na kikaja kirefu kuliko alivyotarajia. Aliweka kiganja wazi kwenye mwanga. Ilikuwa pini ya kushikizia nguo, nzima, na kilichokuwa kimeonekana ni kichwa chake tu. Tone la damu lilifuata pale ilipotoka.

Fundi aliitazama. Tangu asubuhi alikuwa amekwenda uani na kurudi, amesimama mlangoni kusalimiana na watu, amegonga mguu huo huo chini akicheka kazi ya mwenzake.

"Ni ya leo?" aliuliza.

"Sijui, baba. Wewe ndiye uliyekuwa nayo."

Hadithi ya gauni ilikuwa bado haijafika mwisho, na hakuna aliyeiulizia. Mkewe alisafisha kisigino, akakikausha, akaukunja ule mguu ili auteremshe chini. Fundi aliuzuia. Aliurudisha mapajani mwa mkewe, akaunyoosha, unyayo ukitazama dirisha.

"Angalia tena," alisema.